Linda Jani la Hindi, Mengine Yatafuata

Kila mvua zinapokolea huku Mbozi, jamaa huniuliza: majani ya mahindi yanakauka kuanzia chini, niongeze urea? Huwaomba kwanza wachume jani moja na kulinyanyua juani. Mahindi yenye njaa ya mbolea huwa na unjano unaoanzia kwenye ncha ya jani na kurudi katikati kwa umbo la V. Ukiona madoa, hao mara nyingi ni fangasi, na urea haiwatoi.

Wawili ndio wanaotusumbua zaidi. Mmoja huacha madoa membamba ya kijivu au kahawia, kingo zimenyooka kana kwamba yamekatwa kwa rula, kwa kuwa mishipa ya jani inamzuia kutanuka. Mwingine huchora mabaka marefu yaliyochongoka pande zote mbili, mengine hufika sentimita 15. Huyu wa pili hupenda ubaridi na umande mwingi, na mtama pia anaushambulia.

Cha kuangalia hasa ni madoa yamefika wapi na lini. Sehemu kubwa ya chakula kinachojaza punje hutengenezwa na jani linaloshika hindi pamoja na yale ya juu yake. Majani ya chini yakifa hindi likiwa limeshakomaa, hupotezi kitu cha maana. Lakini madoa yakipanda hadi jani la hindi wakati mbelewele (maua ya kileleni) zinatoka na ndevu bado mbichi, punje za nchani hazijai na zilizojaa huwa nyepesi. Wakati wa kuuza utashangaa: debe limejaa, mizani haipandi. Mbegu isiyostahimili, kwenye msimu wa mvua nyingi, inaweza kupoteza hata nusu ya mavuno. Tena mmea uliokosa majani hunyonya akiba ya bua lake ili ulishe hindi, ndiyo maana baadaye upepo mdogo tu unalaza shamba zima.

Fangasi wa madoa ya kijivu hujificha kwenye mabua na majani ya mahindi yaliyobaki juu ya udongo. Hawezi maharage, hawezi viazi wala alizeti. Kwa hiyo namsihi kila mkulima asipande mahindi juu ya mahindi. Kwetu, kipande cha shamba kilichotoka kwenye viazi hubaki kijani muda mrefu kuliko cha jirani yake. Najua wengi hatuna eneo la kuzungusha mazao. Basi walishe ng'ombe mabua, au yafukiwe vizuri wakati wa kulima. Na dukani usiulize ukubwa wa hindi peke yake, uliza pia mbegu hiyo inastahimili madoa ya majani au la.

Dawa ya ukungu naiweka mwisho kwa sababu ni ghali. Inalipa pale mbegu ni dhaifu, madoa yanakaribia jani la hindi, mvua bado ipo na mbelewele ndiyo kwanza zinachomoza. Vaa glovu na barakoa, fuata kipimo cha kwenye kibandiko. Punje zikishakuwa ngumu, usinunue tena. Hela hiyo mlipe kibarua akuvunie mapema kipande kilichougua, maana mahindi yakilala na hindi likagusa udongo wenye unyevu, linaoza.