Uhakiki wa sanaa na uhariri wa jarida: kwa wanaoanza

Wengi wanaotaka kuwa wahakiki wa sanaa huanza na nadharia. Isomeni, lakini kazi yenyewe huanzia machoni. Simama mbele ya mchoro mmoja kwa dakika 20 kabla ya kusoma maelezo yaliyobandikwa ukutani. Andika unachokiona tu: ukubwa, vifaa vilivyotumika, rangi ilivyopakwa nene au nyembamba, kingo zilivyomalizwa, kilichowekwa katikati na kilichosukumwa pembeni. Sogea karibu, kisha rudi nyuma hatua kadhaa. Ndipo usome maelezo. Ukianza na maelezo, utaona ulichoambiwa uone, na makala yako itakuwa tangazo la maonesho lililoandikwa upya. Usiku wa ufunguzi nenda ukasalimiane na watu. Kutazama kwenyewe kuache hadi siku nyingine, ukumbi ukiwa mtupu.

Makala ya maneno 800 haina nafasi ya kazi kumi na mbili. Chagua mbili au tatu, uzieleze kiasi kwamba asiyeziona aweze kuzichora akilini, kisha hukumu yako itokane na maelezo hayo hayo. Kuna kipimo kizuri cha kila sentensi ya sifa: je, ingeweza kuhamishiwa kwenye maonesho ya msanii mwingine bila kubadilishwa neno? Kama ndiyo, ifute. "Kazi yenye nguvu" na "inayogusa hisia" hazivuki kipimo hiki kamwe.

Kukosoa kwa ukali kunaruhusiwa, mradi ukali uelekee kwenye kazi. Mwaka 1877 mhakiki Mwingereza John Ruskin aliandika kwamba mchoraji James Whistler anadai gini mia mbili (gini ni kipimo cha zamani cha fedha cha Uingereza) kwa kuwamwagia watu kopo la rangi usoni. Whistler alimshtaki, na mwaka 1878 akashinda kesi, ingawa fidia ilikuwa fathingi moja tu, yaani robo ya peni, na gharama za kesi zilichangia kumfilisi mwaka uliofuata. Maneno ya Ruskin yalihusu bei na nia ya mchoraji. Juu ya mchoro wenyewe hayakumfundisha msomaji chochote.

Usihakiki kazi ya rafiki, mwalimu wako au mwajiri wako. Usipokee mchoro kama zawadi. Ukiwa umelipwa kuandika katalogi ya msanii, makala ya kumhakiki mpe mwenzako.

Malipo ya uhakiki peke yake mara nyingi hayatoshi kuishi, ndiyo maana wengi hufundisha, huandaa maonesho au huingia kwenye uhariri. Mlango mzuri wa jarida ni kazi ambayo wengine huidharau: kukagua ukweli na kuandika maelezo ya picha. Maelezo kamili yana jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo, mmiliki na mpiga picha. Katika vipimo vya sentimita, kimo hutangulia, kisha upana, kisha kina. Ukigeuza kimo na upana, mchoro uliolala unakuwa umesimama, na msanii ataliona kosa hilo kabla ya kusoma neno lolote la makala.

Unapohariri, anza na mpangilio, fuata sentensi, malizia na tahajia. Ukianza na koma utasafisha aya ambayo baadaye utaitupa. Mrudishie mwandishi maswali pembeni mwa rasimu. Usiiandike upya kwa sauti yako. Kabla hajaanza kuandika, kubalianeni urefu, tarehe, malipo, na atalipwa nini makala isipochapishwa.

Picha ndizo huchelewesha toleo. Anayenunua mchoro kwa kawaida hanunui hakimiliki: hubaki kwa msanii au warithi wake, na mpiga picha anaweza kuwa na haki yake pia. Omba ruhusa kwa maandishi siku ile ile unapoagiza makala. Kwa uchapaji mzuri hesabu pikseli 300 kwa inchi, hivyo picha yenye upana wa pikseli 3,000 inafaa hadi sentimita 25 hivi. Inayofika ukingoni mwa ukurasa iongezewe milimita 3 kila upande unaokatwa, la sivyo kisu kikihama kidogo kinaacha mstari mweupe. Rangi za kioo cha kompyuta zinatokana na mwanga, za karatasi zinatokana na wino. Bluu na kijani kali hufifia zikichapwa. Dai prufu ya rangi, yaani nakala ya majaribio kabla ya uchapaji, uilinganishe na mchoro halisi ikiwezekana. Jarida la kubanwa kwa pini huenda kwa kurasa nne nne, kwa hiyo ukurasa mmoja wa ziada unamaanisha kurasa nne za kujaza.

Sera ya matangazo iandikwe kabla ya toleo la kwanza. Mwaka 1974 tangazo la msanii Lynda Benglis katika jarida la sanaa la Marekani, Artforum, lenye picha yake akiwa uchi, liliwagawa wahariri. Wawili kati yao, Rosalind Krauss na Annette Michelson, waliondoka, na mwaka 1976 wakaanzisha jarida la October. Sera ieleze nani ana neno la mwisho juu ya tangazo, na kwamba anayelipia ukurasa hasomi uhakiki wa maonesho yake kabla haujachapwa.