Deni la P

SWALI: Nasomea mantiki chuoni hapa Kisumu. Tulipewa kauli mbili: "Ikinyesha sana milima ya Nandi, Mto Nyando hufurika" (P → Q), na "Nyando ukifurika, watu wa Ahero huhama" (Q → R). Tuthibitishe P → R. Nilidhania P, nikapata Q, kisha R, nikaishia hapo. Mwalimu amenikata alama. Kosa liko wapi? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Hakuna hatua uliyokosea, ila hukumaliza. Hukuambiwa popote kwamba mvua imenyesha. P umeikopa, na dawa ya deni ni kulipa. R yako bado imo ndani ya dhana hiyo. Ulihitaji mstari mmoja zaidi:

1. P → Q (tumepewa)
2. Q → R (tumepewa)
3. P (dhana)
4. Q (1, 3)
5. R (2, 4)
6. P → R (3–5, dhana imefungwa)

Chora kisanduku kuanzia mstari wa 3 hadi wa 5. Stanisław Jaśkowski wa Polandi alieleza uchoraji huo mwaka 1934, na hadi leo hatujaona kinga bora kwa anayeanza. Kisanduku kikishafungwa, Q ya mstari wa 4 haiguswi tena. Wengi huichomoa huko ndani baadaye, na hapo ndipo uthibitisho huvunjika.

Usianzie juu, anzia kwenye hitimisho. Likiwa la "ikiwa... basi", dhania sehemu ya kwanza na utafute ya pili. Likiwa la "si", dhania kauli yenyewe bila "si", utafute mkinzano.

Jipime kwa ¬R → ¬P (alama ¬ ni "si"), kwa kauli zilezile mbili. Hapa unakopa mara mbili: ¬R mstari wa 3, P mstari wa 4. Unapata Q, kisha R mstari wa 6, nayo inagongana na mstari wa 3. Mkinzano huo unafunga kisanduku cha ndani na kukupa ¬P. Kisha unafunga cha nje. Kilichofunguliwa mwisho hufungwa kwanza. Ukifunga cha nje mapema, utabaki na P isiyo na mwenyewe.

Na usigeuze mshale. Ukiwaona watu wa Ahero wamehama, huwezi kuandika P: huenda ni maji ya ziwa yaliyopanda.