Maswali ya Wasomaji: Meli Nyingi, Mlango Mwembamba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka yangu tunabishana kuhusu vita vya Salamis, vita vya majini kati ya Wagiriki na Waajemi karibu na Athens. Yeye anadai wapiga makasia wa Wagiriki walikuwa watumwa waliofungwa minyororo. Je, ni kweli? Na Waajemi waliokuwa na meli tele walishindwaje?

JIBU: Marahaba. Mwambie kaka yako minyororo hiyo ni ya sinema. Wengi wa wapiga makasia wa Athens walikuwa raia huru, maskini wasiomudu silaha za askari wa nchi kavu. Manowari moja ilibeba 170, wameketi safu tatu, moja juu ya nyingine. Waliokaa chini kabisa walikuwa 54, na Waathene wenyewe walitania kwenye maigizo yao kwamba hao hujambiwa usoni na wenzao wa juu. Mabaharia wa Kigiriki walipohama meli kwa miguu, kila mtu alibeba kasia lake, mto wake wa kukalia na kishwara chake, yaani kitanzi cha kufungia kasia. Mtumwa wa minyororo anatembeaje hivyo?

Kuhusu wingi wa meli: Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anawahesabia Waajemi meli 1,207. Mimi naiona idadi hiyo imetiwa chumvi, na dhoruba zilishazamisha nyingi kabla ya Salamis. Wagiriki walikuwa na chini ya 400. Lakini wingi huo ndio uliomponza Xerxes, mfalme wa Waajemi. Mwaka 480 KK, Themistocles, jemadari wa Athens, alimtuma usiku mtumwa wake, Sicinnus, awaambie Waajemi kuwa Wagiriki wanajiandaa kutoroka. Wakahadaika. Meli zao zikakesha zikilinda njia, makasia mkononi, na asubuhi zikajipenyeza kwenye mlango wa bahari mwembamba. Za mbele zilipopigwa zikageuka. Za nyuma zikasukuma kwenda mbele, kila nahodha akitaka aonekane na mfalme aliyeketi mlimani na makarani wake. Zikagongana zenyewe kwa zenyewe.

Hapo simsahau malkia Artemisia wa Halicarnassus, mji wa pwani ya Uturuki ya leo, aliyepigana upande wa Waajemi. Alipofukuzwa na manowari ya Athens na njia mbele imezibwa, aliigonga na kuizamisha meli ya washirika wake mwenyewe, Wakalynda, watu wa mji wa Kalynda. Mwathene akadhani ni mwenzake, akamwacha. Xerxes huko juu akadhani amezamisha adui, akamsifu. Wakalynda wa kumshtaki hawakuwapo, wote walikufa maji.