Mafuta ya Damu Yalinitisha kwa Hesabu Mbovu, Mkojo Ukasema Kweli

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbagala aliniandikia ujumbe ulionirudisha mahali ambapo sikupenda kurudi. "Shikamoo kaka," aliandika, "nina kisukari mwaka wa sita sasa. Kipimo cha mafuta kimetoka na trigliseridi 3.1 na HDL 0.9, lakini kreatinini wameniambia iko sawa. Je, figo zangu zina usalama?" (Trigliseridi ni mafuta ya damu, HDL ni ile lehemu nzuri, na kreatinini ni taka ya damu ambayo figo huichuja.) Nilimjibu kwa mistari miwili tu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama ndani ya mwendokasi huku mkono mmoja umeshika bomba, lakini swali lake linastahili jibu refu kuliko hilo, hasa kwa kuwa mimi mwenyewe nililijibu vibaya kwa miaka mingi.

Mimi si daktari. Ninaandika vitabu vya hesabu vya maduka matatu ya Kariakoo, na kisukari aina ya pili nilikutwa nacho mwaka 2014. Mtu wa hesabu akipewa ugonjwa huufungulia daftari, nami nilinunua kaunta buku nikaandika kila namba niliyopewa: sukari ya asubuhi, sukari ya miezi mitatu, uzito, presha, kreatinini, lehemu (kolesteroli). Jirani zangu wenye kisukari walikuwa wakija kuniuliza habari za vipimo vyao, na sitaficha kwamba nilijisikia fahari. Nilijiona mgonjwa wa mfano. Katika daftari lote hilo, hata hivyo, hapakuwa na safu ya albumini ya mkojo, yaani protini ya damu ambayo figo zenye afya huizuia isipite, kwa sababu kliniki niliyohudhuria kwa miaka hiyo haikuwahi kunipima, na mimi sikujua kwamba nilipaswa kuuliza. Mkojo wangu ulichovywa kijiti kutafuta sukari na usaha, basi. Kijiti cha kawaida huweza kabisa kukosa kiasi kidogo cha albumini, nacho kiasi hicho kidogo ndicho dalili ya mapema. Jambo hilo bado linaniuma, na sioni sababu ya kujifanya limeniisha.

Mwaka 2022 trigliseridi zangu zilitoka 3.4 na HDL 0.85. Niliambiwa nipunguze mafuta. Nilipouliza kwa nini ziko juu hivyo, mtu wa maabara alisema pengine ni kwa sababu nilikuwa nimekula, na kweli asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Nilishukuru kupata kisingizio. Ni kweli kwamba trigliseridi hupanda baada ya chakula ilhali lehemu hubadilika kidogo sana, ndiyo maana zikitoka juu hurudiwa mtu akiwa amefunga. Lakini mimi sikurudia, niliandika tu pembeni ya daftari neno "chapati" nikafunga.

Mwaka uliofuata nilisoma kuhusu uwiano wa trigliseridi kwa HDL, nikaupenda papo hapo kama anavyoupenda mhasibu yeyote anayepata namba moja badala ya mbili. Maelezo yake yana mantiki. Mwili unapogoma kuitikia insulini, ini husukuma mafuta mengi zaidi kwenye damu, trigliseridi hupanda na HDL hushuka, hivyo kugawanya ya kwanza kwa ya pili hukuonyesha mvutano huo kwa namba moja. Tafiti nyingi zimekuta kwamba wenye kisukari ambao uwiano huo uko juu huonekana mara nyingi zaidi na albumini kwenye mkojo. Nikagawanya 3.4 kwa 0.85 nikapata 4. Kisha nikapima tena, safari hii katika maabara nyingine na nikiwa nimefunga, nikaletewa trigliseridi 245 na HDL 35. Uwiano: 7.

Usiku ule sikulala. Kutoka 4 hadi 7 katika mwaka mmoja! Mama Zuhura alinikuta saa nane za usiku sebuleni na daftari mapajani akaniuliza kama duka limeibiwa.

Wasomaji wenye jicho kali wameshaona kosa langu. Maabara ya kwanza iliandika kwa milimoli kwa lita na ya pili kwa miligramu kwa desilita. Kwa kuwa trigliseridi na lehemu hazibadilishwi kwa kigezo kimoja (milimoli moja ya trigliseridi ni kama miligramu 88.6, ya lehemu ni kama 38.7), uwiano uleule ukiandikwa kwa miligramu hutoka mkubwa mara 2.3 hivi. Saba yangu ilikuwa 3 kwa kipimo cha zamani. Nilikuwa nimepata nafuu, nami nikakesha kana kwamba ninaandaliwa mazishi. Mtu anayelipwa kwa kulinganisha hesabu alikuwa amelinganisha shilingi na dola.

Asubuhi nilikwenda hospitali nyingine, si ile ya zamani. Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia, akapokea kaunta buku kwa mikono miwili, akalipekua lote kimyakimya, akanionyesha kosa la vipimo kwa kalamu bila kunicheka. Kisha akauliza: "Mzee, albumini ya mkojo ulipima lini mara ya mwisho?" Nikasema sijawahi. Akafunga daftari.

Majibu yalitoka 212, yaani miligramu 212 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini kwenye mkojo. Chini ya 30 ndiyo kawaida. Kati ya 30 na 300 figo zimeshaanza kuvujisha. Alirudia baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa homa, maambukizi ya mkojo au mazoezi makali vinaweza kupandisha kipimo hicho kwa muda, na ya pili ikatoka 198. Kreatinini ya damu ilikuwa mikromoli 98 kwa lita, ambayo kwa mwanamume wa miaka 54 ni kasi ya figo kuchuja damu ya mililita 79 hivi kwa dakika, na mtu yeyote angeiita nzuri. Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa kutegemea kreatinini peke yake: inaweza kubaki ndani ya kiwango cha kawaida hadi karibu nusu ya uwezo wa figo iwe imekwenda.

Basi, dada wa Mbagala, jibu lako ndilo hili. Mafuta ya damu hayawezi kukuambia kama figo zina usalama, wala kreatinini nzuri haitoshi. Trigliseridi zinapandishwa na mambo mengi: bia, sukari isiyodhibitiwa, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, dawa fulani. Tena mshale unakwenda pande zote mbili, kwa sababu figo zikishaugua nazo huharibu mafuta ya damu, hivyo ukiona yamevurugika hujui nani alianza. Wapo watafiti wanaochunguza aina ndogondogo za mafuta, kama seramidi, wakitumaini siku moja zitatabiri vizuri zaidi, lakini hicho si kipimo utakachoagiziwa Temeke kesho. Uwiano wako, 3.1 kwa 0.9, ni karibu 3.4 kwa milimoli. Uchukue kama kengele ya kukupeleka ukapime mkojo. Hata uwiano huo ungekuwa mdogo ningekupeleka, kwa maana wangu ulishuka huku figo zikivuja. Mwenye kisukari aina ya pili hupaswa kupimwa albumini tangu siku anayogunduliwa na kila mwaka baada ya hapo; mwenye aina ya kwanza, kuanzia mwaka wa tano.

Kuna kosa la pili ambalo nalikuta hata kwa wasomi. Mtu huambiwa lehemu imeshuka kwa sababu ya dawa, akaamini amelinda figo. Wazo kwamba mafuta yenyewe huumiza figo si geni. Moorhead na wenzake wa London walilitoa mwaka 1982. Lakini utafiti mkubwa wa SHARP, uliotangazwa mwaka 2011 na kuhusisha wagonjwa wa figo zaidi ya 9,000, ulionyesha kwamba kushusha lehemu kulipunguza mashambulizi ya moyo na kiharusi kwa karibu moja ya sita, ilhali kasi ya figo kuchoka haikubadilika. Kwa hiyo nameza dawa yangu ya lehemu kila usiku kwa ajili ya moyo, bila kunung'unika. Kwa ajili ya figo nimeandikiwa losartani (dawa ya presha) kwa kipimo cha juu na empagliflozini (dawa ya kisukari), ambazo pia hulinda figo, pamoja na kudhibiti presha, na nilikatazwa diklofenaki, dawa ya maumivu, niliyokuwa nikijinunulia duka la dawa kwa ajili ya mgongo kana kwamba ni peremende.

Kuhusu chakula sina mengi. Trigliseridi zangu zilishushwa zaidi na kuacha soda na juisi ya miwa, kupunguza mlima wa sembe, na kuachana na bia za Jumamosi, kuliko kumvua kuku ngozi. Ninyi mnaovua kuku ngozi kisha mkateremshia na soda mbili, nawasema kwa upendo: acheni kujidanganya.

Mwezi uliopita albumini yangu ilikuwa 64. Bado si 30, lakini nimeiandika kwa wino mwekundu katika safu mpya, na ndiyo, nimempigia picha Mama Zuhura akiishika karatasi.

Dada wa Mbagala ameandika tena jana, anauliza kama ni lazima afunge kwa ajili ya kipimo hicho. Hapana dada yangu, kwa mkojo hakuna kufunga. Kunywa maji kama kawaida, usiende ukiwa na homa au kwenye siku zako, na wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Waambie wakuandikie uwiano wa albumini na kreatinini, na kabla hujatoka dirishani soma wameandika miligramu kwa gramu au miligramu kwa milimoli, kwa sababu 30 ya huku ni kama 3 ya kule.