Kompyuta ya kwanza ya gemu kwa laki nane: soma stika ya saplai kabla ya kulipia kadi

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Uko Moshi, una laki nane mkononi, mjomba amekuachia HP EliteDesk 800 G1 ile nyembamba ya ofisini, na kuna jamaa huku Arusha anakuuzia kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, RX 580 kwa laki mbili na nusu. Unataka kucheza GTA V, EA FC na Valorant kwenye TV ya sebuleni, na unauliza kama utume hela leo kabla mwingine hajaiwahi.

Usitume. Hata kama kadi ni nzima, kwenye hiyo HP haitaingia. Kasha lile linapokea kadi za nusu kimo tu, na RX 580 ni ya kimo kamili na nene. Inakula hadi wati 185 na inataka waya wa pini 8 utoke moja kwa moja kwenye saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Saplai ya HP yako ni ya wati 240 kwa mashine nzima, na huo waya haina. Utabaki na kadi mezani huku unatafuta mashine ya kuibeba, na hela imeshapungua.

Mimi nilianza na kadi, ndiyo maana nakuzuia. Mwaka 2021 nilikuwa nimepanga chumba Kijenge, nikapata RX 570 kwa mtu aliyekuwa anahama. Nikashuka mjini kutafuta vya kuizunguka: mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote) ya H81, prosesa ya i5-4570, RAM ya GB 8, na mwisho kabisa, kwa chenji iliyobaki, saplai. Winga, dalali wa madukani, akanizungusha duka hadi duka mpaka tukapata ya elfu thelathini na tano, mpya kwenye boksi, ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Nikaona kazi imeisha. Ilidumu wiki tatu. Jumamosi usiku, niko kipindi cha pili cha mechi, picha ikakatika, ukasikika mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Saplai ilikufa na mazabodi ikaondoka nayo. Kadi ilipona kwa bahati tu.

Fundi niliyempelekea hakufungua kitu kwanza. Aliigeuza ile saplai, akaweka kucha yake kwenye jedwali dogo la stika, kwenye safu iliyoandikwa +12V. Chini yake paliandikwa 14A. Akaniambia, zidisha. Kumi na mbili mara kumi na nne ni 168. Hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi zinagawana, kwa sababu zote mbili zinakula kwenye laini ya volti 12. Wati nyingine za kufikisha hiyo 500 zilikuwa za kujazia stika, kwenye laini ambazo kompyuta ya siku hizi inazigusa kidogo sana. RX 570 peke yake ni wati 150, i5-4570 ni 84. Nilikuwa nadai 234 kwa saplai yenye 168. Kisha akanipa niishike kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akaniwekea saplai kuukuu ya Dell iliyoandikwa wati 290. Ile ya Dell ilikuwa nzito karibu mara mbili. Tangu siku hiyo silipii saplai bila kusoma safu ya 12V na kuipima uzito kwa mkono.

Kwa hiyo kwa bajeti yako anza na umeme: mashine ina wati ngapi za kweli, na hizo zinaruhusu kadi gani. Ukishajua hilo, vitu vingine vinajipanga vyenyewe.

Ningekuwa wewe, ile nyembamba ningeiacha iwe ya shule na ofisi, au ningeiuza kuongezea mtaji. Ningetafuta CPU ya ofisi ya mtumba ya kusimama, ile kubwa, yenye prosesa ya Intel kizazi cha 8. (Ukipiga simu dukani sema wazi unataka ya kusimama, maana wengi wakisema CPU wanamaanisha kasha lolote, nene au jembamba.) Kwa nini kizazi cha 8? Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (vipengele vya usalama ndani ya kompyuta), na orodha ya Intel zinazokubalika rasmi kwenye Windows 11 inaanzia kizazi hicho. HP yako ni kizazi cha 4, TPM 2.0 haina, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Halafu kuna suala la nguvu. EA wenyewe kwa FC 24 waliweka i5-6600K na GTX 1050 Ti kuwa kiwango cha chini. Ukinunua kizazi cha 4 leo unaanza ukiwa chini ya mstari.

Mdogo wangu nilimtengenezea ya namna hiyo mwaka 2024 alipomaliza kidato cha sita. Tulipata Dell OptiPlex 7060 ya kusimama kwenye duka moja upande wa Barabara ya Sokoine: i5-8500 yenye kori 6, RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256, laki nne na thelathini baada ya kuvutana sana. Kadi tukachukua GTX 1650 ya GB 4 kwa laki mbili na sabini. Hiyo kadi ni wati 75, na sloti ya PCIe, lile tundu la mazabodi la kuchomekea kadi, yenyewe inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, kwa hiyo unaichomeka na kufunga kasha bila waya wa ziada. Ila kuwa makini, kuna GTX 1650 ambazo kiwandani ziliwekwa tundu la pini 6, na hizo kwenye CPU ya ofisi zitakukwamisha. Angalia ukingo wa juu wa kadi. Ukiona tundu la waya, achana nayo. Ukikosa 1650, 1050 Ti nayo ni wati 75. Ni ya 2016, bei iko chini zaidi, na kwa gemu zako tatu bado inabeba ukishusha setingi kidogo.

Hesabu yake ya umeme ilikuwa hivi: prosesa 65, kadi 75, vingine tukavipa 50. Haifiki 200, na saplai za CPU za kusimama nilizowahi kufungua zimekuwa kati ya 240 na 300, wati za kweli, maana zimetengenezwa ziwake ofisini kutwa nzima.

Siku ya kuifunga tuliondoa feni ya prosesa ili tusafishe. Pesti, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na chuma cha feni, ilikuwa imekauka hadi inabanduka magamba, na kati ya mapezi ya chuma vumbi lilikuwa limeshikana kama kitambaa. Tukafuta kwa spiriti, tukapaka pesti mpya kiasi cha punje ya harage, tukapuliza vumbi huku tumezuia feni kwa kidole isizunguke. Joto la prosesa kwenye gemu lilishuka kutoka nyuzi 91 hadi 70. Huko Moshi kuna joto kuliko huku kwetu, kwa hiyo hilo usiliruke.

RAM nunua ya pili ya GB 8 ukae na mbili, usiache moja peke yake. Mbili zinafanya kazi sambamba na GTA V inaacha kukwama kwama ukiwa kwenye gari kwa mwendo. SSD ya 256 itajaa mapema, maana FC 24 peke yake iliomba GB 100. Kama hela inaruhusu chukua 512. Na hizo GB 100 kwa bando zinaumiza, kwa hiyo tafuta rafiki mwenye gemu hiyo kwenye Steam (duka la gemu la mtandaoni), ukopi folda yake hadi diski ya nje, Steam itaikagua na kupakua kilichopungua tu.

Kikomo cha njia hii nikiseme mapema. Saplai ya Dell huwezi kuitoa na kuweka ya kawaida kirahisi, kwa sababu plagi ya mazabodi yake si ile ya pini 24 iliyozoeleka. Ukishaichukua, wati 75 ndiyo dari yako. Kama unaweza kusubiri hadi ufikishe milioni moja na nusu hivi, njia nyingine ni bora: mazabodi ya AM4 (ya prosesa za AMD), prosesa ya Ryzen 5 5600, saplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze (kwamba haipotezi umeme mwingi), na RX 6600 ambayo inakula wati 132 tu kwa nguvu kubwa zaidi. Lakini kwa laki nane hufiki huko bila kukata kwenye saplai, na hapo ndipo mimi niliungua.

Kuhusu huyo jamaa wa RX 580, kama bado unaitamani kwa siku za mbele, usikubali video ya WhatsApp. Mwambie aiwashe mbele ya mtu wako, afungue GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, na usome mstari wa Shaders, yaani idadi ya vitengo vyake vya kuchora. RX 580 kamili ina 2304. Ukikuta 2048, hiyo ni nguvu ya RX 570 iliyovishwa jina la 580, na bei lazima ishuke. Baadhi ya kadi bandia GPU-Z huziandikia FAKE waziwazi. Kisha gemu iendeshwe dakika kumi na tano bila kuzima. Kadi nyingi za aina hii zilikuwa zinachimba sarafu ya mtandaoni ya Ethereum usiku na mchana hadi uchimbaji ulipokoma Septemba 2022, ndipo zikamwagwa sokoni. Feni zake ndizo zinachoka kwanza, kwa hiyo tega sikio.

Ukiagiza Kariakoo badala ya hapa, sharti kadi ichomolewe kwenye sloti na kufungwa peke yake. Ni nzito na inaning'inia kwenye plastiki. Kwa zaidi ya kilomita 500 ndani ya buti la basi, na matuta yote ya Mombo na Same, sloti inaweza kupasuka. Pia kama saplai ina kiswichi chekundu nyuma, hakikisha kinasoma 230. Kikiwa 115 ukachomeka ukutani kwetu, inalipuka hapo hapo.

Hela itakayobaki weka kwenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, hata ya mtumba yenye betri mpya. Ya 650VA huwa inatoa kama wati 360, inakutosha kuhifadhi gemu na kuzima taratibu, na inakukinga volti zinaporuka umeme unaporudi. TV nayo iweke kwenye Game Mode, la sivyo utabonyeza pasi na mchezaji atachelewa kugusa mpira.

Jumamosi huwa nashuka Moshi. Ukipata CPU ya kusimama mahali, mwombe muuzaji afungue ubavu, piga picha ya stika ya saplai ile safu ya 12V isomeke, na picha ya sloti, uziweke hapa kabla hujalipa. Nitazisoma siku hiyo hiyo.