Si wageni tu
Umeshauri kwamba, ili kumkinga mtoto na dhuluma za kingono, aonywe ajihadhari na watu asiowajua. Hilo pekee halitoshi. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba wengi wanaowadhulumu watoto kingono ni watu ambao mtoto anawafahamu: ndugu, jirani, mwalimu. Tena si watu wazima pekee. Marekani, uchambuzi wa kumbukumbu za polisi uliotolewa 2009 ulionyesha zaidi ya thuluthi moja ya waliowatendea watoto makosa hayo walikuwa wenyewe chini ya miaka 18. Inauma, lakini kijana anaweza kuelekezwa mapema. Ujerumani, hospitali ya Charité mjini Berlin ilianza 2005 kuwatibu kwa siri watu wanaovutiwa kingono na watoto na wanaotaka msaada. Najua matibabu hayo huwakasirisha wengi. Mimi nayaunga mkono kabisa, maana hukumu huja mtoto ameshaumizwa.