Baiskeli juu ya gari la spoti: kilo zinatosha, mshiko je?

SWALI: Habari fundi. Nina gari dogo la spoti la milango miwili. Paa ni la bati, na vioo vya milango havina fremu. Kitabu cha gari kinasema paa lisibebe zaidi ya kilo 50 likiwa mwendoni. Nataka kupakia baiskeli mbili za milimani, kila moja ina kilo 14. Nimepata fundi mwenye keria "ya magari yote", boksi limeandikwa kilo 100. Alipoifunga aliitikisa mpaka gari zima likayumba, keria haikusogea. Anasema nikiwa bado na wasiwasi atatoboa paa aikaze kwa bolti. Naweza kwenda nayo barabara kuu kwa kilomita 120 kwa saa?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Si kwa keria hiyo, na drili isikaribie paa lako hata kidogo.

Hizo kilo 100 ndizo zinazopoteza watu wengi. Namba ya kwenye boksi ni ya keria, si ya paa. Kuna namba ya paa, kuna ya pau mbili zinazokingama juu yake, kuna ya kishikizo cha baiskeli, na inayotawala ni ile ndogo kuliko zote. Kwako ni 50. Tena ndani ya hizo 50 keria yenyewe imo: pau na miguu yake kama kilo 5, vishikizo viwili kama kilo 8, baiskeli kilo 28. Jumla 41. Kwa hesabu ya uzito umepita, na una akiba ya kilo 9. Zingekuwa baiskeli za umeme zenye kilo 23 kila moja, ungekuwa umeshavuka kabla hata ya kuwasha gari.

Basi kama uzito unatosha, kwa nini nasema hapana? Kwa sababu keria haianguki kwa kulemewa. Inang'oka. Namba ya kilo inazungumzia mzigo unaokandamiza kwenda chini, na mzigo unaokandamiza chini unaisaidia keria kukaa. Kinachoing'oa ni breki inayosukuma mzigo mbele, upepo unaousukuma nyuma na ubavuni, na matuta yanayourusha juu. Hayo yote boksi halisemi.

Chukua mfano wa breki. Ukikanyaga kwa ghafla kwenye lami kavu, gari linapunguza mwendo kwa nguvu inayofikia kama asilimia 80 ya uzito wa kila kilichomo. Kilo zako 41 zinasukuma mbele kwa nguvu ya kama kilo 33. Nguvu hiyo haipiti usawa wa paa, inapita juu yake, kama sentimita 45 hivi, kwa kuwa baiskeli zimesimama. Kwa hiyo inataka kuibinua keria nzima kwenda mbele. Pau zikiwa zimeachana sentimita 65, miguu ya nyuma inanyanyuliwa kwa nguvu ya kama kilo 23, wakati uzito unaoikandamiza miguu hiyo ni kama kilo 20 tu. Maana yake ni kwamba kwa sekunde ile hakuna kabisa kinachoikandamiza chini. Inayoizuia isiondoke ni kulabu iliyoingia chini ya ukingo wa paa, basi. Sasa paa la gari la spoti ni fupi. Fundi akizisogeza pau zikakaribiana sentimita 40, kile kinyanyuo kinafika kama kilo 37. Mzigo ni uleule, breki ni ileile.

Ndiyo maana jaribio la kutikisa kwa mkono linanikera kuliko jambo lolote katika kazi hii. Gari lilipoyumba, zilizocheza ni springi na shokamzoba, na mkono ulisukuma kwa ubavu huku keria ikiwa tupu, bila urefu wa baiskeli juu yake. Msuguano wa mipira chini ya miguu unatosha kabisa kushinda mkono. Hautoshi kushinda breki. Fundi anayetikisa keria tupu na kukuambia "umeona?" hajakuonyesha chochote.

Swali la kumuuliza ni moja: kulabu hizi zimekatwa kwa umbo la gari gani? Keria ya kweli ya gari lisilo na reli wala mifereji ya paa kwa kawaida inauzwa kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni miguu na pau, ambavyo vinaweza kuhama gari hadi gari. Cha pili ni seti ya kulabu na mipira ya chini ya miguu, iliyotengenezwa kwa modeli moja, miaka fulani, idadi fulani ya milango. Ndani yake kuna karatasi inayotaja gari lako kwa jina, urefu wa kutoka ukingo wa kioo cha mbele hadi upau wa mbele, umbali kati ya pau, na mkazo wa bolti kwa Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Kulabu "ya magari yote" imepindwa ili ikamate kitu chochote, kwa hiyo inagusa ukingo wako kwa ncha mbili badala ya kuukumbatia wote. Ikikazwa sana inaukunja ukingo. Ikilegezwa kidogo inateleza. Na ukiona keria imetajwa kufaulu vipimo vya ISO 11154, kiwango cha kimataifa cha keria za paa, kumbuka kuwa vipimo hivyo ni vya keria ikiwa imefungwa kama mtengenezaji alivyoelekeza.

Kwako kuna jambo la pili, vile vioo visivyo na fremu. Kwenye magari mengi ya namna hiyo, ukivuta kitasa kioo kinashuka milimita chache, na ukifunga kinapanda kujichomeka ndani ya mpira wa paa. Kulabu inapita palepale. Ikiwa nene kupita kiasi, kioo hakifiki mwisho wake: maji yanaingia, upepo unalia, na siku moja mtu akibamiza mlango kioo kinapasuka. Hata keria sahihi ikishafungwa, fungua na ufunge kila mlango taratibu mara tano huku ukiangalia ukingo wa kioo unavyopita kwenye kulabu. Kisha chukua ukanda wa karatasi, uubane kati ya kioo na mpira, funga mlango, uuvute. Rudia kila baada ya upana wa kiganja, na hasa pande mbili za kulabu. Karatasi inatakiwa ikaze mkononi kila mahali. Ikitoka laini sehemu moja tu, maji yatapita hapo.

Kama gari lako halimo kwenye orodha ya watengenezaji wa keria, suala la keria ya kulabu limekwisha. Kitabu cha gari kikiwa kimekataza keria, suala la paa lote limekwisha. Hakuna fundi wa kuligeuza. Paa la turubai, kama la Mazda MX-5 ya kawaida, halina hata haja ya kuulizwa.

Ukiipata iliyo sahihi, ifunge hivi. Osha paa kwa maji na sabuni, na mipira ya miguu vilevile, vikauke. Punje ya mchanga iliyobanwa chini ya mguu ni msasa unaokula rangi safari nzima. Pima kwa futi ya chuma, usikadirie kwa jicho. Kaza kulia mizunguko michache, halafu kushoto, rudi kulia, ili upau ubaki katikati. Ukimaliza upande mmoja kwanza, kulabu ya pili itashika pembeni. Malizia kwa spana ya kupimia mkazo, kwa namba ya kwenye karatasi. Kukaza zaidi hakuongezi usalama, kunabonyeza bati. Baada ya kilomita 20 hivi simama ukague kila bolti, kwa kuwa mipira mipya hujikandamiza na mkazo hupungua. Springi za gari la spoti ni ngumu, kila shimo linafika kwenye bolti hizo, kwa hiyo kagua tena kila unaposimama.

Kwa paa fupi na jembamba napendelea kishikizo kinachoshika foki, gurudumu la mbele likiwa limetolewa na kuwekwa ndani. Baiskeli inakaa chini zaidi, na upepo unapata kidogo cha kusukuma. Hakikisha kishikizo kinalingana na ekseli yako: foki za zamani hutumia ya kufungua haraka ya milimita 9, nyingi za sasa za milimani ni milimita 15 kwa 110, yaani unene wa ekseli na upana wa kitovu cha gurudumu. Breki zikiwa za diski, chomeka kipande cha plastiki kati ya pedi, maana mtu akigusa mkono wa breki bila diski, pedi zitakutana na hutaziachanisha kirahisi. Hendeli za baiskeli za milimani zina upana wa karibu sentimita 80, mbili hazitaenea zikitazama upande mmoja. Geuza moja itazame nyuma kama maelekezo ya kishikizo yanaruhusu. Fremu ikiwa ya nyuzi za kaboni, usiibane kamwe kwenye bomba lake la chini. Chupa, taa, pampu, vyote vitoke. Halafu fungua buti taratibu kabla ya kuondoka, uone kama spoila haigongi gurudumu la nyuma.

Kuhusu 120: nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 kwenda 120 inakuwa mara 2.25. Nenda 90, ukiona miti inainama nenda 70, na usizidi kamwe kikomo kilichoandikwa kwenye keria. Gari la kilo 1,000 likibeba mzigo kama wako, kitovu chake cha uzito kinapanda karibu sentimita 5, na utalisikia kwenye kona. Pima pia kimo kutoka ardhini hadi sehemu ya juu kabisa ya baiskeli, ukiandike na kukibandika kwenye dashibodi. Umezoea gari lisilofika kifuani, sasa lina mita 2 na nusu hivi, na lango la gereji halitakukumbusha.

Sasa nirudi kwenye drili, na hili nalisema kwa kila mwenye gari, la spoti au la mizigo. Bati la paa lina unene wa chini ya milimita 1. Bolti iliyopita hapo inashikilia ngozi, haishikilii mfupa. Mzigo unapotikisika tundu linapanuka, kutu inaanza kwenye chuma kilichopoteza rangi, na maji yanashuka ndani ya kitambaa cha dari ambako huyaoni mpaka yamefika kwenye nyaya. Silikoni anayopaka fundi juu yake haizuii tundu kupanuka. Paa likiwa la alumini, bolti ya chuma yenye unyevu inalila kuizunguka. Na fundi akikimbilia pembeni akitafuta sehemu ngumu, ndiko inakolala mifuko ya hewa ya pazia, imekunjwa kando ya dari kwenye magari mengi ya miaka hii. Drili ikitoboa mfuko huo, hautafanya kazi siku ya ajali, na aliyetoboa huenda asijue kamwe kwamba aliutoboa. Kuchomelea miguu ni vilevile, pamoja na moto juu.

Vikombe vya kunyonya ni njia halali kwa mapaa yasiyo na kulabu zake, ilimradi kitabu cha gari hakijakataza keria, kwa masharti: bati au kioo laini, si juu ya stika wala rangi iliyopakwa upya ovyo, uso safi na wenye unyevu kidogo, kila kimoja kiwe na pampu yenye alama inayoonyesha hewa ikirudi, na ukague alama hiyo kila unaposimama. Kombe la sentimita 15 lililonyonya vizuri linashika kama kilo 100. Lililokaa juu ya vumbi halishiki kitu, na kwa macho yanafanana.

Kabla ya kununua chochote, laza kiti cha nyuma, toa magurudumu yote mawili, geuza hendeli, na jaribu kuingiza baiskeli moja ndani, mnyororo ukiwa juu na blanketi chini. Ikiingia, utabaki na baiskeli moja tu ya kuweka juu, kwenye kishikizo kimoja, na kilo zinazobaki juu ya paa ni 23.